Jibu: Mume anataka kuuza nyumba tunayoishi bila ridhaa yangu

Dada, umeuliza kama mumeo anaweza kuuza nyumba mnayoishi kwa sababu hati ina jina lake peke yake. Kwa Tanzania Bara, jibu ni hapana. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ingalipo, na kinampa huyo mwenzake haki ya kuweka zuio kwa Msajili wa Hati.

Anza na hilo zuio, tena wiki hii, kwa kuwa umesema mnunuzi ameshatoa malipo ya awali. Peleka nakala ya cheti cha ndoa na namba ya hati. Barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa ni msaada tu, wala haizuii uhamisho.

Zuio likishawekwa, peleka shauri Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu madai yake kwamba hukuchangia hata tofali, Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ila hoja hiyo huhusu mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika, na hapo hujafika.