Seti ya zamani ya helikopta, shida yake kubwa ni unene

Wale mnaoanza modeli za plastiki, najua wengi mmeangukia seti ya zamani kama nilivyoangukia mimi, boksi limepauka, karatasi ya maelekezo imechanika, plastiki yenyewe ngumu kama kucha, alafu mtu anakwambia hiyo tupa nunua mpya. Usitupe. Yangu ilikuwa Huey, yani Bell UH-1, skeli ya 1/72, na nimejifunza mengi kwenye hiyo moja kuliko kwenye seti tano mpya zilizokuja kila kitu kimekamilika. Hapa naandika yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijashika wembe.

Kwanza kabisa elewa ubaya wa hizi seti uko wapi. Wengi wanasema umbo halijakaa sawa, na kweli mara nyingine halijakaa sawa, lakini ukiangalia vizuri utaona kinachochoma jicho ni UNENE. Milango minene, vioo vinene, panga za rota (ile feni ya juu inayozunguka) kama mbao za kitanda. Ndo ivo kalibu za zamani, yani zile za kumiminia plastiki, zilivyokuwa. Sasa chukua hii hesabu moja na uishike maana ndo itakuongoza kazi nzima: kwenye 1/72, milimita moja ya plastiki ni milimita 72 za helikopta yenyewe. Mlango wa seti yangu ulikuwa na unene wa milimita 1.2, zidisha, ni kama sentimita 8.6, huo si mlango wa helikopta huo ni mlango wa benki. Na zile ripiti, yani vichwa vya misumari vilivyoinuka juu ya bodi, nusu milimita kila moja, zikiwa kwenye chombo halisi zingekuwa na upana wa milimita 36, kubwa kuliko kifuniko cha soda. Ukishazoea kuzidisha hivyo huwezi tena kuiangalia modeli kwa macho ya zamani, samahani kwa hilo.

Kabla hujakata kitu chochote jua una Huey ipi, kwa sababu boksi linaweza kuandika hivi na plastiki ikasema vingine. UH-1B ni fupi, kabini yake ndogo, mlango wa kuteleza una dirisha moja. UH-1D na H zimerefushwa, mlango mkubwa una madirisha mawili. Rota nazo hazilingani, ya B ina kipenyo cha mita 13.41 na ya H mita 14.63, kwa hiyo kwenye 1/72 unatafuta milimita 186 au 203. Pima. Mi nilipima nikakuta rota yangu ni ya B imewekwa kwenye mwili wa D, nikakaa nikacheka mwenyewe. Pia angalia ile bomba nyembamba ya kupima mwendo wa hewa, kwenye D iko puani na kwenye H mara nyingi imehamia juu ya paa. Kitu kidogo lakini mtu anayezijua Huey atakwenda kuangalia hapo hapo.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, plastiki ya zamani ina mafuta ya kalibu na rangi haishiki. Na usikunje kipande kwa nguvu, ikizeeka inakatika bila kukuonya.

Haya, rota. Mi naanzia hapa siku zote japo maelekezo yanaiweka mwisho, kwa sababu helikopta mtu anaiangalia kutoka juu na kitu cha kwanza kuona ni panga. Za seti ni bapa, unene sawa mbele na nyuma. Panga halisi la Huey lina upana wa inchi 21, yani milimita 7.4 kwenye modeli, na umbo lake ni kama bawa: ukingo wa mbele wa mviringo, ukingo wa nyuma mwembamba kabisa. Laza panga kwenye kioo au kigae, tumia msasa namba 400 wenye maji, unasugua kwenda upande wa nyuma tu mpaka ukingo uwe mwembamba kama karatasi, alafu unamalizia na 1000. Kama panga ni fupi kama zangu, tengeneza mapya kwa shiti ya plastiki ya milimita moja, ni kazi ya jioni moja.

Sasa hapa ndo nilipoharibu. Nilisugua panga zote mbili nikiwa nimezipanga pamoja mezani, ukingo mwembamba upande mmoja, safi kabisa, nikabandika, nikapaka na rangi. Siku ya tatu nikaiweka dirishani nikaiangalia, nikaona kitu hakiko sawa ila sikijui. Kumbe panga moja lilikuwa linakwenda mbele na lingine linarudi nyuma! Rota yangu ilikuwa inataka kupasuka katikati. Kwa hiyo shika hii: rota ya Huey ukiitazama kutoka juu inazunguka kinyume cha mshale wa saa, maana yake ukijifanya umesimama katikati ya rota unatazama ncha ya panga, ukingo wa mbele, ule mnene, uko kushoto kwako. Kwa kila panga. Kwa hiyo kwenye rota ya panga mbili ukingo mnene wa hili na wa lile zinaangalia pande tofauti. Na usije ukachukua kanuni hii ukaipeleka kwenye helikopta kama Mi-8 au Alouette, hizo zinazunguka kama mshale wa saa, huko ukingo mnene uko kulia.

Kichwa cha rota ndo penye utamu. Seti inakupa kijiti na kipande kama msalaba, basi. Huey ina ile fito ya kusawazisha iliyokaa juu ya kichwa, imekata panga kwa nyuzi 90, na kila ncha ina uzito. Ya seti ilikuwa nene kuliko mguu wa kutua. Nilitoa nikaweka sindano ya kushonea nyembamba iliyokatwa (kata ndani ya kitambaa, kipande kinaruka na macho ni mawili tu), uzito nikatengeneza kwa tone la gundi nyeupe, unaweka tone, linakauka, unaongeza lingine, mpaka lipate umbo kama punje ya mtama. Alafu zile fimbo zinazotoka chini kupanda hadi kwenye panga ambazo ndo zinabadilisha mkao wa panga, seti nyingi za zamani hazina kabisa. Weka waya wa shaba wa milimita 0.3, ule wa ndani ya kebo ya headfoni iliyokufa. Usiziweke kwa kubahatisha, tafuta picha mbili tatu za kichwa halisi uone kipi kinashika kipi, kwa sababu waya zilizojaa tu bila mpango zinaonekana kama kiota cha ndege.

Milango. Watu wanaogopa hapa bila sababu. Huhitaji kupunguza mlango wote, jicho linaona ukingo, kwa hiyo sugua kwa ndani karibu na ukingo tu, ule mteremko unadanganya vizuri sana. Ila milango mikubwa ya kuteleza mi naitengeneza upya. Shiti ya plastiki ya nusu milimita, kata vipande viwili, vibandike pamoja kwa tepu ya karatasi kama sandwichi, alafu chonga vyote kwa mara moja, madirisha toboa na drili ndogo ya mkono kwenye pembe kisha unganisha matundu kwa wembe na malizia na faili. Ukivitenganisha vinalingana. Ukitengeneza kimoja kimoja havitalingana, utasema vitalingana na havitalingana.

Na ukishafungua milango umejiletea kazi, maana ndani panaonekana. Seti yangu ndani ilikuwa na benchi moja na marubani wawili wasio na vidole. Viti vya Huey ni fremu za bomba na turubai. Bomba la inchi moja kwenye 1/72 ni milimita 0.35, kwa hiyo ule ule waya wa headfoni au mnene kidogo. Chora fremu kwenye karatasi, ibandike juu ya boksi gumu, choma pini kwenye kila kona, pindisha waya kuzunguka pini. Ya kwanza itakuwa mbaya, ya nne nzuri, ya kwanza itupe. Waya unashika kwa supagluu. Turubai ni tishu, tenganisha lile tabaka moja, lilaze juu ya fremu, gusa kwa brashi yenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji. Likikauka linabonyea katikati lenyewe kama kiti kilichokaliwa, na hapo hujafanya kitu, tishu imefanya. Mikanda ni tepu ya karatasi iliyokatwa upana wa milimita 0.7, si zaidi, maana mkanda halisi ni kama inchi mbili.

Dashibodi usihangaike sana. Paka nyeusi, chovya ncha ya sindano kwenye rangi nyeupe uweke nukta, alafu tone dogo la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kila geji. Ukiangalia kupitia kioo inatosha.

Tukifika kwenye vioo, tafadhali nisikilizeni. Supagluu isikaribie kioo. Siyo kwamba itachafua ikigusa, moshi wake tu unatosha, unafunga modeli usiku, asubuhi unakuta ukungu mweupe kwa ndani na huko mkono haufiki. Mi nimepoteza kioo cha mbele kwa sababu nilibandika kiti kwa supagluu alafu nikafunika kabini kabla gundi haijamaliza kukauka. Kwa vioo tumia gundi nyeupe, inakauka ikiwa haina rangi na ikikosewa unafuta kwa maji.

Ile hasara ndo ilinifundisha kuvuta kioo kipya. Bahati nzuri kioo hata kikiwa na ukungu bado kinafaa kama umbo. Kijaze puti kwa ndani kisibonyee, subiri ikauke kabisa, kisimamishe juu ya kijiti. Chukua plastiki nyembamba isiyo na rangi ya vifungashio, igongomee kwenye fremu ya mbao, ipashe juu ya moto mdogo huku unaitikisa, ikianza kulegea na kubonyea, shusha juu ya kioo kwa mwendo mmoja bila kusita. Mimi imekubali mara ya sita. Mara tano za kwanza ni makunyanzi, matundu, na moja iliwaka moto kwa hiyo dirisha liwe wazi na maji yawe karibu. Lakini ile ya sita nilipoiweka, nikaona marubani ndani bila kupindapinda, nikarudi kuongeza vitu kwenye dashibodi niliyosema msihangaike nayo. Vile vidirisha viwili vya paani juu ya vichwa vya marubani ni vya kijani, paka kwa ndani rangi ya kijani inayopitisha mwanga, usiviache bila rangi.

Ripiti, kuna mabishano. Wengine wanasugua zote wanachora mistari upya kwa sindano bodi nzima. Mi naona ni kujitesa, tena mistari ikizidi kuwa mirefu na ya kina modeli inageuka kigae cha bafuni. Nasugua na msasa mpaka zibaki kidogo tu kuhisiwa na kidole, nachora upya paneli za injini na mlango wa betri puani, basi. Ukipaka rangi zinajitokeza kiasi chake.

Antena na ile fimbo ya kulinda mkia nazitengeneza kwa spru, yani ile fremu inayoshika vipande, usiitupe kamwe. Shika kipande juu ya mshumaa bila kugusa moto, izungushe, ikilegea itoe kwenye moto kwanza ALAFU vuta. Ukivuta haraka unapata uzi, ukivuta polepole unapata fimbo. Bandika antena mwisho wa kila kitu la sivyo utazivunja na kuzibandika kila siku.

Stika za maji za zamani, yani zile alama unazolowesha ndo zitoke kwenye karatasi, usizitumbukize moja kwa moja, zitasambaratika vipande mia. Jaribu moja usiyoihitaji. Kama inavunjika, pulizia vanishi juu ya karatasi nzima, ikauke, alafu kata kila stika karibu na mstari wake.

Na rota usiibandike. Toboa mlingoti, ingiza kipande cha pini kiwe kinachomoka, kwa sababu milimita 203 ni ndefu na panga zile sasa umezifanya nyembamba. Yangu ya kwanza ilinusurika msasa, supagluu na moto, alafu ikaja kukatwa panga na pazia la dirisha siku ya upepo.