Makumbusho ya Taifa: chagua vichache, uvitazame vizuri

Ndugu yeyote akija kunitembelea Dar es Salaam, nampeleka Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Kabla hatujaingia namwomba jambo moja: tusijaribu kuona kila kitu. Wengi huzunguka kumbi zote haraka haraka, simu mkononi, na wakifika getini ukiwauliza wameona nini, wanakutajia magari ya Mwalimu Nyerere tu.

Mimi huanzia kwenye chimbuko la binadamu, kwa Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu. Fuvu lake liligunduliwa na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa mgonjwa kambini. Lina umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Tazama magego yalivyo mapana, kisha pandisha macho hadi utosini, uone ukingo wa mfupa uliosimama katikati. Sasa weka vidole kwenye panja zako, ukaze meno kwa nguvu. Umesikia msuli ulivyotuna? Kwetu sisi msuli huo unaishia ubavuni mwa kichwa. Kwake yeye ulipanda mpaka juu kabisa na kushikilia ukingo ule, kwa jinsi taya lake lilivyofanya kazi kubwa ya kutafuna. Mpwa wangu wa darasa la nne alipofanya hivyo, alibaki amejishika panja, akauliza, "Mjomba, kwani alikuwa anakula nini?" Swali kama hilo linatosha kuwa sababu ya safari nzima.

Usione haya kumuuliza mwongozaji kama unachotazama ni chenyewe au ni nakala. Masalia adimu kama haya huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, na mara nyingi wageni huonyeshwa nakala. Uliza na habari za taya la chini. Fuvu la Olduvai lilipatikana bila taya hilo. Taya la jamii yake lilikuja kupatikana Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964, na aliyeliona ni Mkenya, Kamoya Kimeu. Jina lake halitajwi vya kutosha, na hilo huniuma.

Ukishiba hapo, nenda kwenye masalia ya Kilwa. Kipande cha bakuli la Kichina usikidharau kwa kuwa kimevunjika: kilivuka bahari kuja kwa watu waliokuwa na dhahabu ya kununulia, katika mji ambao Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, aliutembelea mwaka 1331. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe za shaba, maandishi ya upande mmoja yakifuatana kwa vina na ya upande wa pili. Sarafu za Kilwa zimeokotwa hadi kaskazini mwa Australia. Watoto wetu wanaofundishwa kwamba biashara ya dunia ilianzia kwingine wanahitaji kusikia hili.

Nenda asubuhi, kabla ya joto na kabla makundi ya wanafunzi hayajajaa. Kalamu na daftari vitakufaa kuliko simu. Mtoto akichora kitu, hukitazama kwa makini zaidi.

Na ukipata nafasi, malizia Kilwa kwenyewe. Panda basi hadi Kilwa Masoko, chukua kibali cha kutembelea magofu, kisha uvuke kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani.