Kitenzi "cleave": kupasua, na pia kuambatana

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kitenzi cha Kiingereza "cleave" ni sawa na "kata". La hasha, kilicho karibu nacho zaidi ni "pasua", kwa kuwa hutaja kukitenganisha kitu kwa kuufuata mpasuko wake wa asili. Huku kwetu Newala, fundi anayepasua mianzi ya kujengea huingiza ncha ya panga kwenye kichwa cha mwanzi, hugonga mara moja au mbili, na ufa hushuka wenyewe kwa kufuata nyuzi hadi mwisho. Hicho ndicho kitendo chenyewe, ilhali kuupitishia msumeno mwanzi huohuo kwa kukingama ni kuukata tu.

Linalowatatiza wengi, nami lilinitatiza kwa muda mrefu, ni kwamba neno hilohilo hubeba maana iliyo kinyume kabisa, yaani kuambatana. Katika Kiingereza cha kale vilikuwa vitenzi viwili tofauti, ambavyo matamshi yake yalisogeleana hata vikaandikwa namna moja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Mwanzo 2:24, hulitumia kwa mume anayeambatana na mkewe. Ukiona "to" au "unto" mara baada ya kitenzi hicho, elewa kwamba ni kuambatana. Kwa maana ya kupasua, wakati uliopita huwa "cleft", "clove" au "cleaved", na kwato za mbuzi, zilizogawanyika katikati, huitwa "cloven".