Maswali ya Wasomaji: Mkwaruzo, Doa Jeupe na Matabaka ya Konea

SWALI: Mwezi uliopita mtoto mchanga alinikwaruza jichoni kwa ukucha. Maumivu yalikuwa makali hata sikuweza kulifumbua jicho, lakini daktari alisema ni tabaka la juu la konea tu lililochubuka, na siku ya tatu nilikuwa mzima. Mfanyakazi mwenzangu, aliyepata kidonda kwenye konea baada ya kulala na lenzi za kuvaa machoni, alipona akabaki na doa jeupe linalomzuia kuona vizuri. Konea ina matabaka mangapi, na kwa nini mimi sikubaki na alama?

JIBU: Kilichotofautisha majeraha yenu ni kina. Konea, yaani ile sehemu angavu inayoifunika mboni kwa mbele, ina unene wa takriban nusu milimita tu katikati yake, lakini ndani ya unene huo vitabu vingi hutaja matabaka matano, na kila tabaka lina namna yake ya kupokea jeraha. (Mwaka 2013 Harminder Dua na wenzake wa Nottingham, Uingereza, walieleza tabaka jingine jembamba sana upande wa nyuma, na tangu hapo wapo wanaohesabu sita, wengine huliona kuwa sehemu tu ya tabaka la kati. Kwa swali lako, ubishi huo haubadilishi kitu.)

Wewe uliumia kwenye epitheli, tabaka la nje kabisa, ambalo huzuia vijidudu visipenye na kuupa uso wa konea ulaini unaoyawezesha machozi kutandaa sawasawa. Seli zake hupukutika na kubadilishwa zote kwa muda wa wiki moja hivi, na mbegu ya seli mpya iko kwenye ukingo ambapo konea hukutana na weupe wa jicho. Palipochubuka, seli za jirani hazingoji hata kuongezeka kwanza, bali hujinyoosha na kuteleza mpaka zikaliziba pengo, ndiyo maana mchubuko mdogo hufunga ndani ya siku moja hadi tatu. Ukali wa maumivu haukuwa kipimo cha ukubwa wa jeraha, kwa kuwa ncha za neva zimesongamana katikati ya seli hizo kuliko karibu popote mwilini. Matone ya ganzi ambayo daktari hutia wakati wa kupima hayafai kutumiwa nyumbani, hata kama yanaleta nafuu ya papo hapo, kwa sababu yakirudiwarudiwa huizuia epitheli kupona.

Chini yake kuna tabaka la Bowman, jembamba, gumu, lisilo na seli, ambalo likishatoboka haliumbiki upya. Kisha hufuata stroma, ambayo peke yake huchukua karibu asilimia 90 ya unene wa konea, na hapo ndipo kidonda cha mwenzako kilipofika.

Stroma imejengwa kwa nyuzi za kolajeni, protini ileile inayopatikana kwa wingi katika weupe wa jicho, nao hauoneshi kitu. Tofauti iko kwenye mpangilio: ndani ya konea nyuzi hizo zina unene unaolingana, zimeachana kwa nafasi zinazokaribia kuwa sawa, na zimelazwa tabaka juu ya tabaka, zaidi ya mia mbili, kama kurasa za daftari. Mwaka 1957 mtafiti David Maurice alionesha kwamba ni utaratibu huo unaoufanya mwanga upite moja kwa moja badala ya kutawanyika. Vijidudu vinapoitafuna stroma, seli zake huamka na kutengeneza kolajeni ya kuziba, lakini nyuzi mpya huwa nyingine nene, nyingine nyembamba, zimekaa ovyo, na mwanga unaozigonga hutawanyika. Doa jeupe ni hilo. Kwa hiyo anayevaa lenzi, akiona jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga, azivue na amwone daktari wa macho siku hiyohiyo, kabla kidonda hakijateremka.

SWALI: Mama yangu huamka akiona ukungu, lakini ikifika saa sita mchana huona vizuri. Tumeambiwa tatizo ni tabaka la ndani la konea. Inawezekanaje ugonjwa ufuate saa?

JIBU: Tabaka hilo ni endotheli, safu moja tu ya seli zenye pembe sita, zilizolala juu ya utando wa Descemet, yaani tabaka jembamba lililo kati yake na stroma. Stroma hunyonya maji daima kutoka kwenye majimaji yaliyo nyuma ya konea, na kazi ya endotheli ni kuyasukuma yarudi yalikotoka, kwa maana konea iliyolowa hupoteza uangavu. Seli hizi, tofauti na za epitheli, kwa kawaida hazizaliani ndani ya jicho la binadamu: tunazipoteza polepole maisha yote, na zilizobaki hutanuka kuziba nafasi. Katika ugonjwa wa Fuchs, ambao huenda ndio daktari anaouzungumzia, zinapungua kupita kiasi. Usiku kope zikiwa zimefungwa maji hayawezi kukauka kupitia uso wa jicho, hivyo konea huvimba. Mchana yakikauka, ukungu hupungua. Matone ya chumvi husaidia wengine kwa kuvuta maji hayo.

Ukungu ukifika mahali haupungui tena, siku hizi si lazima kubadilisha konea nzima. Daktari anaweza kuondoa endotheli na utando wake tu, kisha akaingiza utando wa mtu aliyefariki kupitia tundu dogo. Utando huo haushonwi. Hubanwa mahali pake kwa kiputo cha hewa au gesi, na mgonjwa hutakiwa kulala chali kwa sehemu kubwa ya siku za mwanzo ili kiputo kibaki kimeuegemea.