TB haiishi na dawa unameza? Uliza kama ulipimwa kwa mashine

Mwaka juzi nilianzishiwa dawa za TB baada ya kupimwa kwa darubini tu, kituo sitakitaja. Nikameza vidonge miezi miwili bila kuruka hata siku moja, mkojo rangi ya machungwa kabisa, lakini kikohozi kipo palepale na suruali zinanivuka, mimi najipa moyo eti dawa zinafanya kazi taratibu. Kumbe nilikuwa na TB sugu, rifampicin ambayo ndo nguzo ya dozi nzima ilikuwa hainisaidii kitu. Darubini inakuonyesha mdudu yupo, ila kama dawa inamuua au anaicheka tu, hapo haina jibu.

Mashine inayoitwa GeneXpert ndo inajibu hilo. WHO waliipitisha tangu 2010, makohozi yanachanganywa na dawa ya maabara yanawekwa kwenye katriji, kile kikasha kidogo kinachoingizwa kwenye mashine, baada ya kama masaa mawili inasema TB ipo au haipo na kama imeshakuwa sugu kwa rifampicin. Kabla ya hapo ilikuwa mpaka waoteshe vijidudu maabara, wiki na wiki unasubiri.

Sasa makohozi yenyewe. Mara ya kwanza nilipeleka, yule wa maabara akainua kikopo kwenye mwanga, akakitikisa, akanirudishia, "Kaka, haya mate haya." Nikatoka nje chini ya mwarobaini, nikavuta pumzi ndefu mara tatu, nikashika mbavu, nikakohoa kutoka chini kabisa mpaka machozi, likatoka zito la njano. Hilo ndo walilokuwa wanalitaka. Sukutua mdomo kwa maji kwanza, na kohoa nje, siyo koridoni kwa watu.

Halafu usidanganyike na hayo masaa mawili, kuna foleni, kuna umeme kukatika. Na mimi niliandikisha laini niliyokuwa nimeshaitupa, majibu yakatoka Jumanne wakanipata Ijumaa ya wiki ya pili yake, tena baada ya mhudumu wa jamii kuniulizia hadi kwa fundi viatu. Andikisha namba mbili bwana.

Nikabadilishiwa dawa, vidonge vitupu miezi sita. Kuna mzee tulikuwa tunakutana naye kliniki, yeye alitibiwa enzi za sindano za kanamycin, unamuita mara tatu ndo anageuka, sindano ziliondoka na masikio.

Ukiwa kwenye dozi usimsumbue nesi akurudishe GeneXpert uone kama umepona. Inasoma vinasaba, hata vya mdudu mfu, itasema unayo wakati ulishapona. Maendeleo wanayafuatilia kwa darubini na kuotesha.

Nyumbani walichunguzwa wote. Wa mwisho ana miaka mitatu, makohozi hawezi kutoa, wakasema basi tuleteeni choo chake, nacho mashine inakipima. Mke wangu alidhani wanamtania mpaka walipomkabidhi kikopo.