Brosha ya mtu aliyesimama

Ukitaka kujua brosha nzuri ni ipi, nenda viwanja vya maonyesho vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, watu wanapoanza kutoka. Usiangalie mabanda, angalia chini. Kuanzia getini hadi kituo cha daladala utakuta brosha zimekanyagwa, nyingine zimekaliwa, nyingine watu wamejipepea nazo mchana kutwa wakaziacha kwenye benchi. Karatasi nzuri, rangi nzuri, fedha ya mtu. Halafu angalia mikononi. Utaona chache zimekunjwa kwa uangalifu zikaingizwa kwenye pochi. Hizo chache ndizo ninazotaka kuzizungumzia.

Kazi yangu ni kusanifu machapisho madogo madogo: brosha, lebo, kadi za mwaliko. Jioni ya kwanza niliyotoka Sabasaba nikiangalia chini, niliikuta brosha niliyoitengeneza mwenyewe. Ilikuwa ya kikundi cha wafuga nyuki kutoka Sikonge, mkoani Tabora. Kopi 1,000, na fedha yake walikuwa wamechangishana. Niliiokota, nikaipangusa vumbi, nikarudi nayo bandani. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima aliyekuwa amesimama pale tangu asubuhi, aliitazama akaniambia, "Mwanangu, wanaipokea kwa adabu tu. Wakisimama hapa wanauliza kitu kimoja, na humu ndani hakimo."

Kitu chenyewe kilikuwa hiki: "Mama, hii ni asali kweli au mmechanganya na sukari?"

Niliifungua nikaisoma kama mgeni. Juu jina la kikundi, namba ya usajili, neno "Karibuni", na picha ya viongozi wakiwa na mgeni rasmi. Ndani historia, dira, dhima, malengo, muundo wa uongozi. Kila mstari ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya kikundi, wala haukuwapo hata mmoja kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya meza. Na mtu huyo ana mfuko mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, jua linampiga utosini, na mabanda mengine 50 yanamsubiri.

Tangu siku hiyo sifungui kompyuta kabla sijaongea na mtu anayesimama kwenye kaunta. Simaanishi bosi. Bosi atakuambia anachotaka kujulikana nacho, na muuzaji atakuambia watu wanauliza nini. Namwomba anitajie maswali kumi ya wateja, kwa maneno yao yaleyale, nami nayaandika kwenye daftari bila kuyasahihisha. Matatu yanayorudiwa zaidi ndiyo brosha. Mengine yatapata nafasi ikibaki, na mara nyingi haibaki.

Kwa wale wafuga nyuki, brosha ya pili tuliiandika hivi. Juu tuliweka picha ya sega linalochuruzika na maneno matatu: "Asali imeganda? Usiitupe." Ndani tukaeleza kwamba asali halisi nayo huganda, kwa sababu sukari yake ya asili, glukosi, hujitenga ikawa chembechembe, ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi kuwa majimaji, lakini usiichemshe. Tukaeleza kwa nini asali ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu kidogo na bei yake iko juu: mzinga mmoja wa nyuki hao hutoa kidogo sana. Tukaandika wazi kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa. Hayo ni maneno ambayo mtu anayabandika ukutani jikoni. Akiyabandika, namba ya simu ya kikundi imebandikwa pamoja nayo.

Haikuwa rahisi. Mzee mmoja wa kikundi aliumia dira na dhima zilipoondolewa, na nilimwelewa, maana walikaa vikao vitatu kuziandika. Namba ya usajili na mwaka wa kuanzishwa tuliviacha kwenye uso wa nyuma, kwa herufi ndogo, na picha ya viongozi tukaipeleka kwenye bango la bandani, mahali ambapo wageni wana nafasi ya kuitazama.

Sasa tuje kwenye karatasi. Wengi tunatumia A4 iliyokunjwa mara mbili, inayotoa nyuso sita, tatu nje na tatu ndani. A4 ina urefu wa milimita 297, na mtu yeyote atagawa kwa tatu apate 99. Hapo ndipo brosha nyingi zinapoharibika. Uso unaoingia ndani ukiwa na upana sawa na wenzake hauna pa kulala. Unajipinda, unavimba kwenye mkunjo, na brosha inakataa kufunga. Uso huo upunguze uwe milimita 97, nyuso nyingine mbili zibaki na 100 kila mmoja. Na kumbuka kwamba unapogeuza karatasi, mpangilio nao unageuka: upande wa ndani uso mwembamba uko kulia, upande wa nje uko kushoto. Nimeona kazi nzuri za vijana zikikunjwa katikati ya sentensi kwa sababu ya milimita hizo tatu tu.

Kwa hiyo mimi huanza na karatasi tupu na mikono. Nakunja, naandika kwa penseli 1 hadi 6 kwa kufuata jinsi mtu atakavyofungua, halafu nampa mtu mwingine afungue. Uso anaoukuta mara tu baada ya kufungua jalada, ule uliojikunja ndani, ndio wenye thamani kuliko wote, na wengi tunautupia matangazo ya ziada. Weka hapo jibu la swali lile kubwa. Ukishakuwa na kikaratasi chako cha penseli, kompyuta ni kazi ya kunakili tu.

Lipo jambo la lugha ambalo nadra kulisikia likisemwa, nalo linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Violezo vinavyopatikana bure kwenye intaneti vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "tunakuhakikishia", "hatujaichanganya", "mtakapotutembelea". Ukiyaweka maneno hayo kwenye safu yenye upana wa milimita 80 na kuamuru mistari ilingane pande zote mbili, yanafumuka mashimo meupe katikati ya aya. Acha upande wa kulia uwe huru, mistari iishie inapoishia. Msomaji hataona kasoro, ataona pumzi.

Na ukilazimika kukata neno, usiiachie programu. Nyingi zinakata Kiswahili kwa kanuni za lugha nyingine, unakuta "kuchang-anya". Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: ku-cha-nga-nya. Bora zaidi, badili neno. Kichwa kama "Huduma Zitolewazo na Kikundi Chetu" kinaweza kuwa "Tunauza", na hakuna aliyewahi kulalamika. Vichwa virefu vya herufi kubwa tupu navyo viepuke, kwa sababu maneno yetu marefu yakiwa yote kwa herufi kubwa yanakuwa kama ukuta wa matofali.

Jambo jingine la hukohuko: programu ikidhani unaandika Kiingereza, itachora mstari mwekundu chini ya kila neno. Jicho linazoea wekundu, na kosa la kweli linapita katikati yake. Zima hiyo alama, halafu soma kwa sauti, ukiwa umesimama, kwenye karatasi.

Rangi iliniumiza kuliko yote. Kwenye ile brosha ya kwanza, asali iliyokuwa iking'aa kwenye simu ilitoka kiwandani kama oili chafu ya gari. Nilikuwa tayari kumlaumu mchapaji, naye akanionyesha kwa upole. Simu inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina mwanga, ina wino wa aina nne tu, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, na rangi ya machungwa kali ya kwenye kioo haifikiki kwa wino huo. Juu ya hapo tulikuwa tumechagua karatasi isiyo na mng'ao kwa kubana fedha, na karatasi hiyo inanyonya wino. Kwa brosha ya pili tulipiga picha upya asubuhi, chupa ikiwa kivulini na mwanga ukipita nyuma yake, ukaonekana ndani ya asali yenyewe. Niligeuza picha kwenda kwenye rangi hizo nne mapema, nikairekebisha kwa macho ya karatasi, na tukachapa kwenye karatasi yenye mng'ao ya gramu 150 kwa mita ya mraba. Asali ikawa asali. Mama alipoiona aliipitishia kidole, akakitazama kidole.

Picha zenyewe ziombe mapema. Mteja atakutumia kwa WhatsApp, na ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, inapoteza ukubwa wake. Mwambie aitume kama dokumenti. Kipimo ninachokwenda nacho ni nukta 300 kwa inchi, maana yake picha ya kujaza uso mmoja wa milimita 100 inahitaji upana wa pikseli karibu 1,200. Ikiwa na 400 itaonekana vizuri kwenye simu na kuwa ukungu kwenye karatasi. Na afadhali picha moja kubwa kuliko tano ndogo. Watu wanataka kuona mkono wa mtu na sega, kuliko kikundi cha watu 20 ambao nyuso zao ni kama punje za mtama.

Mengine nitayapitia haraka. Aina mbili za herufi zinatosha, moja ya vichwa na moja ya maelezo. Maelezo yasishuke chini ya pointi 10, na kama wasomaji wako ni wazee weka 12. Maandishi madogo yachapwe kwa wino mweusi peke yake; yakichanganywa rangi nne, pleti, yaani bamba la kuchapia la rangi moja, ikisogea kidogo tu kila herufi inapata kivuli. Maandishi meupe membamba juu ya rangi nzito nayo hujaa wino yakazibika. Rangi au picha inayofika ukingoni iongezewe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo utaona uzi mweupe pembeni. Karatasi nzito, kuanzia gramu 170 hivi, mwambie mchapaji aipige mstari wa mkunjo kwanza, vinginevyo wino unapasuka pale inapokunjwa. Nembo ya TBS usiiweke kama bidhaa haijathibitishwa na Shirika la Viwango, hata mteja akikusihi.

Bei nazo? Kwa bidhaa ambayo bei yake inapanda na kushuka kwa msimu, usizichape ndani. Tulitengeneza kikaratasi kidogo cha bei, robo ya A4, tunachokichapa upya msimu ukibadilika na kukichomeka katikati ya brosha. Kopi za zamani hazijawahi kutupwa kwa ajili ya bei.

Mahali pa kupatikana paandike jinsi watu wanavyoelekezana. Namba ya kiwanja haimfikishi mtu. Chora kiramani chepesi: stendi, kituo cha mafuta, msikiti, na mshale. Msimbo wa QR ukiuweka, usipungue sentimita 2 kila upande, uwe mweusi juu ya nyeupe na uwe na nafasi tupu kuuzunguka, na chini yake andika kwa maneno unampeleka mtu wapi. Wengi hawaelekezi simu kwenye kitu wasichokijua. Namba ya simu iandike pia kwa tarakimu, ukiigawa kwa mafungu, kwa sababu yupo atakayemsomea mtoto wake aipige.

Kabla ya kuruhusu mashine iwashwe, omba kopi moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika. Usiikubali kwenye kioo. Mimi huibeba nikampa mtu asiyehusika kabisa, mara nyingi muuza kahawa jirani na ofisi, bila kumweleza chochote. Namtazama anafungua wapi kwanza, anasimama wapi, anageuza mara ngapi. Halafu naichukua na kumwuliza, "Hawa wanauza nini, na utawapata wapi?" Akisita, narudi kwenye kikaratasi cha penseli. Ile ya asali ilirudi mara mbili.

Jambo la mwisho kabla sijaruhusu ni kupiga kila namba iliyochapwa, nikiisoma kwenye karatasi yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, si kwa kuitafuta kwenye simu yangu. Siku ile nilikuwa nimesimama kiwandani Kariakoo, mashine zinanguruma, mchapaji ananisubiri. Simu iliita mara tatu. Upande wa pili nikasikia kuku na sauti ya mama.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi mama, wa brosha. Namba yako nimeisoma kwenye karatasi."

Alinyamaza kidogo. "Ile ya watoto wachanga umeiweka?"

"Nimeiweka, mama. Iko juu kabisa, uso wa pili."

"Basi chapeni."