Elimu ya Malkia Arwa wa Yemeni

Ndugu, umeuliza kama elimu ya mabinti wa watawala wa Kiislamu wa zama za kati ilikuwa pambo la kasri tu. Mtazame Arwa bint Ahmad wa Yemeni, aliyelelewa na kusomeshwa katika nyumba ya Wasulayhi, ukoo uliotawala Yemeni, chini ya uangalizi wa Malkia Asma bint Shihab, kisha mumewe, al-Mukarram, alipopooza, akashika hatamu za dola na kuhamishia makao yake Jibla. Khalifa al-Mustansir wa Kairo alimpa cheo cha hujja, daraja ya juu katika uongozi wa dini wa Waismaili, tawi la Washia; kwangu hilo ndilo zito zaidi, kwani cheo hicho kilidai elimu. Alitawala hadi alipofariki mwaka 1138, jina lake likitajwa katika hotuba za Ijumaa.